Usiuzibe pumzi ukuta wa bibi yako

Juzi nimeletewa ujumbe na dada mmoja. Yeye na nduguze wamerithi nyumba ya zamani mtaa wa Kiponda, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Fundi kawaambia chokaa yote ikwanguliwe, ukuta upigwe lipu ya saruji. Anauliza: kaka, tukubali?

Msikubali. Mimi nilikubali, na mpaka leo inaniuma.

Nyumba ya bibi yetu ipo mtaa wa Malindi, humu humu Mji Mkongwe. Mwaka 2011 nilipata pesa kidogo, nikataka kumfurahisha. Ukuta wote wa chini tukaupiga saruji, ukawa nyororo kama sahani. Bibi akatoka barazani, akapitisha kiganja juu yake, akasema, "Mjukuu wangu, umeuziba pumzi." Nikaona ni maneno ya kizee.

Masika mawili tu. Unyevu unaopanda kutoka ardhini ulikosa pa kutokea. Chumvi ikachomoza kama unga, lipu ikavimba, ukiigonga inalia kama debe tupu. Kisha likang'oka pande zima pamoja na mawe ya matumbawe nyuma yake. Ncha za boriti zilizoingia ukutani zilikuwa zimeoza. Nilizichimba kwa kijiko cha chai. Bibi hakunilaumu hata kidogo. Alifariki kabla sijaurekebisha.

Nikamwendea mzee mmoja, fundi wa chokaa. Alinifunza kuiroweka wiki kadhaa, kuichanganya na mchanga, kuipiga tabaka nyembamba na kuinyunyizia maji isikauke haraka. Kazi ya kuchosha, mikono inababuka. Lakini ukuta ule umesimama mpaka sasa, mkavu, na kila nikipita naugusa. Najivunia, sifichi.

Nchi yetu ni ndogo, na Mji Mkongwe ndio uso wake. Mamlaka ya hifadhi ipo tangu 1985, UNESCO wameuandika mji katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hayo yote hayawezi kuingia kila ukumbi kuangalia unapaka nini. Tarehe 25 Desemba 2020 ilipoanguka sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la Sultani Seyyid Barghash la 1883, watu wawili walikufa na mji mzima ulilia. Nami nililia. Lakini tunaililia Beit el Ajaib, na kwetu tunaita mchanganyaji wa saruji! Wengine wanang'oa mpaka mlango wa nakshi aliopitia babu yao, wanamuuzia mfanyabiashara. Jamani, tuwe na haya kidogo.

Dada yangu, nenda Mamlaka kaombe kibali kwanza. Tafuta fundi mzee, mpe na kijana wa kumsaidia, ajifunze. Boriti zikague kabla ya ukuta. Na saruji, narudia, iache dukani.

Nina pipa la chokaa iliyobaki, imelala chini ya maji, haijaharibika. Tuma kijana aje na ndoo mbili.