Barua ya kuacha kazi haiandikwi saa tatu usiku

Juzi dogo mmoja wa kwetu uhasibu kanifuata kwenye ngazi, simu mkononi, uso unang'aa kama mtu aliyeshinda kesi. "Dada, nimeshawatumia. Nimewaachia kazi yao." Nikamuuliza umetuma lini, ananiambia jana usiku. Mkataba umesoma? Akacheka. Likizo zimebaki siku ngapi? Kimya. Na unaenda wapi? "Napumzika kwanza."

Nikakaa palepale kwenye ngazi. Huyu ni wa tatu mwaka huu, na wote watatu nimewafundisha mwenyewe kurekonsaili akaunti za watu, yaani kulinganisha vitabu na benki mpaka senti ya mwisho, halafu ya kwao wanaifunga kwa hasira bila hata trayo balansi, ule urari wa kuhakiki kwamba hesabu zinakaa sawa. Basi naandika mara moja, nisiwe nakaa kwenye ngazi kila mwezi. Mlioanza kazi juzi ndo nasema na nyie.

1. Jua kilichokuchosha kabla hujakiacha.

Kuna kuchoka, na kuna kazi kukuishia, na ukiwa ndani ya vyote viwili vinafanana sana. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliweka ule uchovu wa kazi kwenye orodha yao ya kimataifa kama jambo linalotokana na kazi, sio ugonjwa, na wakataja alama tatu: nguvu kukuisha, moyo kujitenga na kazi au kuiona ya kipuuzi tu, na kuona huna tena unachokiweza hapo. Mimi naongeza kipimo changu cha kienyeji. Chukua likizo ya kweli, wiki mbili, simu ya kazi imezimwa, sio ile likizo ya kujibu meseji ukiwa umejificha chooni. Ukirudi na siku mbili za mwanzo unafanya kazi vizuri, ulikuwa umechoka tu, omba kupunguziwa mzigo au omba likizo isiyo na malipo, maana hiyo nayo ipo na watu hawaiulizi. Ukirudi na ukiona tu geti tumbo linakaza, hapo tuongee. Ila jamani msipime kazi wiki ya kufunga mwaka, wiki ile hata mwenye kampuni anataka kuacha.

2. Soma mkataba. Wote mnajua, wote hamsomi, na mimi sikusoma, sasa kaeni niwaambie.

Nilikuwa na miaka sita pale. Plani yangu ya mapumziko ilikuwa nzuri mno, miezi sita, shiti ya Excel yenye rangi ya kijani, kila mwezi na matumizi yake, na juu kabisa kwenye kisanduku cha B4 nimeweka bonasi ya mwaka. Nilikuwa nimejipangia: bonasi inaingia, nasubiri wiki moja kwa adabu, natoa notisi. Hakuna aliyekuwa anajua. Nilikuwa najiona mjanja kweli.

Ikaja Alhamisi moja, tarehe 2, kikao. Bosi akaweka ukutani ripoti niliyoikesha siku mbili, akaisifia, akamshukuru mtu mwingine kwa jina. Leo naweza kusema alisahau tu, ni mtu wa kusahau, hata miwani yake alikuwa anaitafuta ikiwa kichwani. Siku ile sikuweza kusema hivyo. Nikarudi nyumbani, nikakaa kitandani na nguo za kazini, saa tatu usiku nikaandika barua ya aya nne, neno "heshima" limo mara tatu, nikatuma kwa bosi nakala kwa HR. Na niwaambie ukweli, usiku ule nililala kama mtoto. Hilo ndo tatizo la barua ya hasira, inakulipa palepale.

Asubuhi mama wa HR akaniita. Mtu mzima, mpole, hajawahi kunipandishia sauti. Akafungua faili langu, akageuza kurasa taratibu, akaweka kidole mahali. "Mwanangu, hiki kifungu ulikisoma?" Kifungu kinasema bonasi inalipwa kwa mfanyakazi ambaye siku ya malipo yupo kazini na hajatoa wala hajapewa notisi. Nikaangalia kalenda ya ukutani nyuma yake. Malipo ni tarehe 21. Zilikuwa zimebaki siku 18. Akasogeza kidole chini: notisi ni mwezi mmoja wa kalenda, unaanza kuhesabiwa tarehe 1 ya mwezi unaofuata baada ya barua kupokelewa. Yaani nimetuma tarehe 2, halafu mwezi wote ule hauhesabiki, notisi yenyewe inaanza mwezi ujao. Kumbe nilikuwa nimejifungia pale karibu miezi miwili, nikiwa nimeshaaga, na bila bonasi. Mhasibu mzima, cheti kiko ukutani.

Jumatatu nikameza mate nikaenda kwa bosi kuiomba barua yangu. Alikuwa ameshanijibu kwa maandishi, imepokelewa na imekubaliwa, na nafasi yangu ameshaahidi mtu. Kwa kawaida ikishafika hapo huwezi kuirudisha kwa kutaka wewe peke yako, mpaka mwajiri naye atake, na wa kwangu hakutaka. Wala hakuwa na ubaya. Akanishukuru kwa ile ripoti, tena safari hii kwa jina langu.

Hapo sijafika kwenye lenyewe.

Mnajua nani alikuwa anaandaa jedwali la malipo ya bonasi la kupandisha benki? Mimi. Orodha inatoka HR, naiingiza kwenye fomati ya benki, nahakiki jumla, napeleka kwa wenye saini. Mwaka ule nilichukua faili la mwaka uliopita kama kawaida, nikafika mstari wa 14, jina langu, namba yangu ya akaunti, nikaufuta. Nikahakiki jumla. Ikakubali na ya HR senti kwa senti. Tarehe 21 mchana niko kwenye meza yangu, simu za watu zikaanza kulia moja moja, ujumbe wa benki, tii, tii, watu wanajifanya hawaangalii kisha wanaangalia kwa chini ya meza. Yangu ikalia pia. Nikaikimbilia, Mungu nisamehe, kuna sehemu ya moyo wangu iliamini kuna muujiza umetokea. Ni mtandao wa simu unanikumbusha kifurushi changu kimekaribia kuisha.

Na sikuishia hapo, maana ile B4 ilikuwa inabeba miezi miwili na kidogo ya mapumziko yangu. Pesa haijaingia nimeihesabu kama taslimu. Dogo angeniletea hesabu kama hiyo ningemrudishia na wino mwekundu. Miezi sita ikawa haifiki minne. Afu mafao ya mwisho nayo yakachelewa kwa sababu nilikuwa na masurufu ya safari sijayarejesha, risiti moja haionekani, na fomu ya kukabidhi vitu ina saini saba na mtu wa stoo yuko likizo.

Hiyo ndo namba 2.

3. Vya haraka haraka, sirudii.

Notisi kwa kawaida inahesabiwa kuanzia ilipopokelewa, sio ulipoiandika, labda mkataba useme vingine kama wangu, na "siku 30", "mwezi" na "mwezi wa kalenda" ni vitu vitatu tofauti. Likizo zilizobaki kuna mikataba inazilipa, kuna inayotaka uzitumie ndani ya notisi, na kuna inayokataza kuzitumia ndani ya notisi. Bima ya afya kwingine inakatika siku yako ya mwisho, kwingine mwisho wa mwezi, kwa hiyo meno ya watoto na miwani malizana navyo mapema. Kama una mkopo unaokatwa kwenye mshahara, ongea na benki kabla hujaongea na bosi. Namba ya simu ya ofisi ikiwa ndo inapokea nywila za akaunti zako binafsi, badilisha leo. Chukua barua ya utumishi na salari slipu zako ukiwa bado unasalimiwa. Usibebe faili la kampuni hata moja, hata ile templeti uliyoitengeneza mwenyewe, najua inauma. Na barua iwe na sentensi tatu: naacha, siku yangu ya mwisho ni hii, asanteni. Ile hotuba muandikie dada yako.

4. Bosi akikuongezea mshahara ukiwa mlangoni.

Jiulize swali moja tu, kama tatizo lako lilikuwa pesa. Kama ndio, kaa, sio dhambi. Kama lilikuwa mtu au usingizi, hiyo nyongeza utaimaliza ndani ya miezi mitatu, na mtu na kukosa usingizi bado utavikuta palepale.

5. Mapumziko yana saa za kazi.

Hili nalo nilifeli, ila kwa kuchekesha. Wiki ya kwanza nililala. Ya pili habari ikaenea kwamba niko nyumbani. Mwanangu nipelekee mama hospitali, si upo tu. Shemeji kasimamie fundi, si upo tu. Mjomba mmoja kaniletea mfuko wa risiti za biashara yake za miaka miwili, si upo tu na ndo fani yako. Wiki ya tano nilikuwa mhasibu wa ukoo mzima, bila mshahara, bila bima, na mabosi wengi, sio mmoja kama yule niliyemkimbia.

Kuna mbunifu wa michoro wa New York, Stefan Sagmeister, kila miaka saba alikuwa anafunga studio yake mwaka mzima. Mwaka 2009 alisimulia jukwaani kwamba mara ya kwanza aliingia bila mpango akidhani ndo uhuru, akajikuta anajibu maombi ya watu na kufanya kazi za mtu wa mafunzo ofisini kwake mwenyewe, mpaka alipokaa akaandika mambo anayotaka na kuyapangia muda kama ratiba ya shule ya msingi. Niliposikia hivyo nilifarijika sana, kumbe hata wa huko wana mjomba.

Nikapanga. Asubuhi mpaka saa sita ni zangu, simu iko chumba kingine. Mambo mawili tu, usingizi na kile kitabu cha kodi nilichokuwa nakikwepa. Siku moja kwa wiki ya ndugu, wagombanie wenyewe. Na tarehe ya mwisho nimeiandika ukutani, maana mapumziko yasiyo na tarehe ya mwisho majirani wana jina lao na sio zuri. Mwambie unayeishi naye kabla hujamwambia bosi, mpe namba zote, mwambie pesa itaisha lini. Mimi nilimwambia wangu kwamba "tutaona." Usijaribu.

Pesa yenyewe: chukua matumizi halisi ya miezi mitatu iliyopita kutoka taarifa ya benki, sio yale ya kichwani. Halafu kwenye akiba yako toa bonasi, toa deni ambalo rafiki yako "atalipa mwezi huu", toa kila kitu ambacho hakijaingia. Kinachobaki gawanya kwa matumizi ya mwezi mmoja, hiyo ndo miezi yako. Na anza kutafuta kazi pesa ikibaki nusu, maana kuanzia kutuma maombi mpaka kupokea mshahara wa kwanza inaweza kula miezi.

6. Lile pengo kwenye CV.

Liandike. LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, tangu 2022 wameweka sehemu yake kabisa ya mapumziko ya kazi, kwa hiyo wewe sio wa kwanza duniani. Kwenye usaili sema sentensi moja, nilipanga kupumzika miezi minne, nimesoma hiki, niko tayari, halafu funga mdomo. Mimi kwenye usaili wa kwanza niliulizwa kwa upole tu, "naona hapa kuna miezi kadhaa?" nikaongea dakika kumi na moja. Nilieleza kikao, nikaeleza tarehe 21, nikafika mpaka mstari wa 14. Yule kaka katikati ya jopo alikuwa ameacha kuandika. Hawakunipigia.

Sasa dogo wetu. Bahati yake, bosi wake yuko likizo na barua haijajibiwa. Nimemwambia Jumatatu asubuhi, bosi akirudi, awahi, aingie mwenyewe, asitume meseji, aombe kuirudisha, na kama bado anataka kuacha aache kwa tarehe aliyoichagua akiwa na mkataba mkononi. Jioni kaja kwenye meza yangu na mkataba wenyewe, ukurasa wa saba kaukunja ncha. Nikamuuliza likizo zako ngapi, anasema anaenda kuwauliza HR. Nikamwambia wee, angalia kwenye mfumo kwanza, ukiuliza likizo wiki hii kila mtu atajua. Akazunguka zunguka pale. "Dada, malipo ya bonasi mwaka huu ni lini?" Nikamwambia hiyo kalenda ninayo ila siruhusiwi kukuonyesha. Akatoka, akarudisha kichwa mlangoni.

"Ni kabla ya tarehe 20 au baada?"

Nikaendelea na rekonsilesheni yangu.