Tetesi nazipenda, wizi siupendi

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: habari za gemu zikivuja kabla halijatoka, mchezaji hufaidika au huharibiwa starehe yake? Mimi ni mla tetesi wa siku nyingi, sitajifanya mtakatifu. Nikirudi kazini, kabla sijavua viatu nimeshashika simu kuangalia nani kasema nini kuhusu GTA VI, gemu la kampuni ya Rockstar tunalolisubiri. Ila jibu langu linategemea kilichovuja kimetokea wapi, na hapo ndipo wenzangu wengi wanapochanganya madawa.

Ipo mivujo isiyomdhuru mtu. Mei 2018 tovuti ya Walmart ya Kanada ilianika orodha ya magemu ambayo hayakuwa yametangazwa, likiwemo Rage 2. Wenye gemu hawakununa. Waliichukua picha ya tangazo lile, wakalisahihisha kwa utani, na siku chache baadaye wakalitangaza gemu lenyewe. Au Septemba 2023, nyaraka za Microsoft kwenye kesi yao na tume ya biashara ya Marekani zilipopandishwa kwa bahati mbaya kwenye tovuti ya mahakama. Humo mlikuwa na mpango wa kulitoa upya gemu la zamani la Oblivion, na kweli Aprili 2025 likatoka. Lisemwalo lipo. Habari kama hizo nazila bila kunawa.

Sasa njoo kwenye video za GTA VI. Septemba 2022 zilimwagwa mtandaoni kama 90 hivi, zote za kazi iliyokuwa bado inatengenezwa. Mhusika alikuwa kijana wa Uingereza, tena aliyekuwa nje kwa dhamana kwa makosa mengine ya udukuzi na polisi wamemweka hotelini. Kompyuta yake walishaichukua. Mahakama ilielezwa kwamba alitumia Fire Stick ya Amazon (kidude cha kuchomeka kwenye TV ili ipate intaneti), TV ya chumba cha hoteli na simu ya mkononi. Desemba 2023 hakimu aliamuru azuiliwe hospitalini bila kikomo cha muda. Rockstar walisema tukio lile liliwagharimu dola milioni 5 na maelfu ya saa za wafanyakazi.

Vichwa vya habari vilipenda hadithi ya Fire Stick. Mimi kilichonikera ni maneno ya watazamaji. Ukizitazama zile video unaona mtu na mwenziwe wanavamia mgahawa, huku skrini imejaa namba na maandishi ya mafundi, na kuta bado hazijapakwa chochote cha maana. Watu wakaanza kupiga kelele: “Hii ndiyo picha ya gemu la miaka yote hiyo?” Kuna aliyejigamba Twitter kwamba picha ndiyo kitu cha kwanza kukamilika gemu linapotengenezwa. Ni sawa na kuikagua nyumba ingali na mbao za jukwaa, ukamtukana fundi kwa kukosa mapazia. Watengenezaji wa makampuni mengine walimjibu kwa vitendo: wa Control na wa Uncharted 4 wakaweka hadharani video za magemu yao yalivyokuwa mwanzo, maumbo ya mraba mraba na vyumba vitupu. Control hilohilo lilikuja kusifiwa dunia nzima kwa sura yake. Jibu lile lilinifurahisha kuliko trela nyingi.

Insomniac, kampuni nyingine ya magemu, ndio waliopata pigo kubwa zaidi. Desemba 2023 mafaili yao kama milioni 1.3 yaliyoibwa na genge la wadukuzi la Rhysida yalimwagwa mtandaoni: genge lilikuwa limetaka bitcoin 50, sarafu za mtandaoni, kampuni ikagoma kulipa, karibu yote yakaachiwa. Wachezaji wengi walikimbilia Wolverine, gemu lao ambalo lilikuwa bado linatengenezwa, wengine wakalipakua lile toleo bichi na kulicheza. Lakini ndani ya furushi hilohilo mlikuwa na nakala za pasipoti za wafanyakazi. Mtu amekaa miaka anachora makucha ya Wolverine, halafu pasipoti yake inazagaa kwa wahuni. Hapo sioni mashabiki wamefaidika nini.

Nikiri pia makampuni yanachangia. Trela ya kwanza ya GTA VI ilitoka Desemba 2023, ikiwa nayo imevuja saa chache kabla ya wakati wake. Ya pili ikaja Mei 2025. Katikati, kimya! Mashabiki wakafikia kuusoma mwezi kwenye picha za matangazo ya Rockstar, ukiwa mwembamba au mpevu, ili wapige hesabu ya siku ya trela. Sisi tunaobishania mwandamo kila Idi tulikuwa tumepata wenzetu.

Pengo kama hilo matapeli wanalipenda. Mtaani kwetu wengi wanachezea simu, wenye mashine za magemu kama PS5 wa kuhesabu. Kijana wa jirani aliletewa kwenye kundi la WhatsApp faili la “GTA 6 ya Android, imevuja”. Akaliweka, simu ikaanza kufungua matangazo yenyewe usiku kucha na kunyonya bando. Nikamwambia, mdogo wangu, Rockstar wametangaza PS5 na Xbox Series tu. Ya simu imevuja kutoka wapi wakati haipo? Akanijibu, “Bro, lakini ilikuwa na picha yake kabisa.” Ikabidi simu ifutwe yote, picha za harusi ya dada yake zikaenda.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: duka likiteleza, nitasoma. Kilichoibwa kwenye kompyuta za watu sikifungui, hata kikiwa cha gemu ninalolisubiri kwa hamu, na GTA VI walishalisogeza mara mbili, mara ya mwisho hadi Novemba 19, 2026. Nanyi gazetini nina ombi. Mkichapa tetesi, mtuambie imetoka dukani, mahakamani au kwa wadukuzi. Toleo lililopita mlitupa ukurasa mzima wa “vyanzo vya ndani” bila kusema ni ndani ya wapi.

Msomaji wenu,
Mikocheni, Dar es Salaam