Jibu: Mbona MRI inachukua muda mrefu kuliko CT scan?

Mkuu, umeuliza mbona CT scan huisha kwa sekunde chache ilhali MRI inamlaza mtu hata nusu saa, na zote ni mashine za kupiga picha za ndani ya mwili. CT inazungusha eksirei kuuzunguka mwili, basi. MRI haitumii mionzi hiyo: sumaku yake, mara nyingi ya tesla 1.5 au 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), hupanga viini vya haidrojeni vilivyomo mwilini, kisha mashine hukusanya mawimbi yao mstari kwa mstari, ndiyo maana inachukua muda (ile milio ya kugonga ni koili, yaani nyaya zilizoviringwa, zinazotetemeka). Ukijitikisa kidogo tu, picha inachafuka.

Siku hizi akili mnemba hujenga picha kutokana na mistari michache ya mawimbi hayo, na muda unapungua kweli. Ila mimi bado nina wasiwasi: programu ikijaza mapengo vibaya, inaweza kufuta kidoa kilekile ambacho daktari anakitafuta.