Komenti mia, wanunuzi wachache: brodkasti yangu inaishia wapi?

SWALI: Habari za kazi kaka. Naandika simulizi Facebook mwaka wa nne huu, akaunti imejaa marafiki 5,000 nikafungua ya pili. Juzi nimetoa kitabu, nimechapa nakala 500 kwa hela yangu mwenyewe. Kila siku komenti za "weka muendelezo" zinafika mia na, ila kitabu nimeuza hata 60 hazifiki. Nina namba za wasomaji 230 walionunua simulizi kwangu, nikawawekea brodkasti WhatsApp, wengi wanasema hawajaona kitu. Simu yangu mbovu au? Na nifungue grupu au chaneli? – Mama wawili, Morogoro

JIBU: Hongera kwanza dada, nakala 500 kwa hela ya mfukoni sio mchezo. Simu nzima hiyo. Brodkasti, yaani ujumbe mmoja unaowatumia wengi na kila mtu anaupata inboksi kwake, inamfikia yule tu aliyesevu namba yako kwenye simu yake, wewe kumsevu yeye haisaidii kitu. Wale 230 walikutumia hela, wakapokea pdf yao, wakaendelea na maisha, namba yako kwao ni namba tu. Hata status zako hawazioni, sababu ni hiyohiyo. Kama unabisha bonyeza ule ujumbe wa brodkasti uushikilie, fungua info, utaona umefika kwa nani na nani, wanaokosekana hapo wengi ndo hawajakusevu.

Sasa usiwaandikie "naomba unisevu", mtu hasevu namba kwa huruma. Waambie kesho saa mbili usiku natuma kipande ambacho Facebook hakitafika, nakituma kwa brodkasti, asiyenisevu hakipati. Wewe arosto ya wasomaji wako unaijua kuliko mimi. Mtumie kila mtu peke yake, umtaje jina na simulizi aliyonunua, na usiende zaidi ya watu thelathini kwa siku, maana ukimwaga ujumbe mmoja kwa mamia ya watu ndani ya saa moja wachache tu wakikuripoti namba inafungiwa na hapo utakuwa umepoteza kila kitu. Halafu kumbuka orodha moja ya brodkasti mwisho watu 256, ukizidi unatengeneza ya pili.

Lakini hebu nikuulize, watakusevu kwa jina gani? Nimeangalia picha ya kava uliyonitumia. Facebook ya kwanza una jina la utani, ya pili jina hilohilo umeongeza 2, kwenye kitabu umeandika majina matatu kama unaomba mkopo benki. Mtu aliyekesha na simulizi zako miaka minne anapita dukani, anakiona kitabu, anakirudisha, hajui kama ni wewe!! Mimi nahisi hapa ndo nakala zako zimekwama kuliko hata hiyo WhatsApp. Zilizochapwa zimechapwa, ila stika ndogo haikushindi, ibandike kwenye kava, jina lako la Facebook na simulizi iliyokupa watu. Na kuanzia leo jina moja kila mahali na picha moja kila mahali. Fikiria vizuri kabla hujabadilisha maana Facebook ukishabadili jina unasubiri siku 60 ndo uruhusiwe tena.

Ile akaunti ya pili iache. Rudi ya kwanza, washa ile hali ya kitaalamu (professional mode) ili watu wakufuate bila kuwa marafiki, marafiki wanaishia 5,000 lakini wanaokufuata tu hawana mwisho, kwa hiyo hukuwa na haja ya kuhama. Kwenye ya pili bandika posti moja juu kabisa ya kuwaelekeza, basi.

Grupu la wasomaji wote mimi sikushauri. Linaingiza watu hadi 1,024 lakini kila mtu anaona namba ya mwenzake, na wasomaji wa simulizi za mapenzi wengi ni kina dada, usiku wa kwanza tu mtu ataanza kufuatwa inboksi na "mambo mrembo" halafu lawama zote kwako. Chaneli inaficha namba, huko weka muendelezo na habari za kitabu. Shida yake mazungumzo hakuna, kwa hiyo waachie inboksi yako, na ujibu kweli, hata kwa sauti, msomaji akisikia sauti ya mwandishi amekusevu hiyo. Grupu fanya dogo, watu ishirini wa kukusomea rasimu, tena waliokubali wenyewe.

Na kama unawaza kuuza kwenye duka la mtandaoni la Amazon au kutafuta maoni ya wasomaji Goodreads, kwa sasa achana nazo, wateja wako wanalipa kwa simu.

Ukichapa tena, ukurasa wa mwisho weka linki ya kumfungulia msomaji inboksi yako ya WhatsApp, wa.me/255 ikifuatiwa na namba yako, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo, na QR yake, ile picha ya vimraba ya kuskani kwa simu. Hiyo QR itoe ndani ya WhatsApp Business yenyewe. Kuna mteja wangu alitengeneza kwenye tovuti moja ya bure, kumbe ilikuwa ya majaribio, vitabu vimetoka kiwandani wiki ya pili QR ikafa, ukiiskani inakuomba ulipie. Tulikaa sebuleni kwake siku mbili tunabandika karatasi juu yake, kitabu kimoja kimoja, na gundi ya watoto wa shule.