Swali la wiki: Mwacheni avae shati mwenyewe

Wiki hii mmeuliza, mzazi akipigwa na kiharusi kikali, watoto tumsaidie vipi mpaka apate nafuu. Mi nimemuuguza mama na jibu langu ni hili, msimfanyie kila kitu. Najua mtu atasema huo ni ukatili, mgonjwa hata kujigeuza hawezi, ila subirini kwanza.

Siku za mwanzo kweli unafanya yote, hapo hakuna ubishi. Unamgeuza kila baada ya masaa mawili hivi asije akatoka vidonda vya mgongoni, mkono uliopooza unauweka juu ya mto usining'inie, na tafadhali sana mkimnyanyua msimvute kwa mkono ule, misuli inayoshika bega imelegea kwahiyo bega linaachia, na bega likishauma mazoezi yote yanakwama. Kwenye kula na kunywa ndo wenye upendo wanakuwa hatari kuliko wote, mtu kaja kumwona mgonjwa anamwonea huruma anamnywesha maji akiwa amelala chali, kumbe hata kumeza kumeharibika, maji yanapita njia ya hewa na nimonia inaanzia hapo. Asipewe kitu mdomoni mpaka apimwe kumeza. Akiruhusiwa, akae wima, kidogo kidogo, akimaliza abaki amekaa kama nusu saa, na mkisikia anakohoa katikati ya kula au sauti imekuwa kama ya mtu mwenye maji kooni, simamisheni mumwambie nesi au daktari.

Sasa hali ikishatulia ndo linakuja lile nililosema. Sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi, ila sehemu zilizobaki zinaweza kujifunza kazi yake, na zinajifunza kwa kurudia rudia tu, hakuna njia ya mkato. Mtu wa fizio, yule anayemfanyisha mazoezi ya viungo, anakaa naye muda mfupi anaondoka, masaa yote yaliyobaki ni yenu. Kwahiyo kushika kijiko ni mazoezi, kuhama kitandani kwenda kwenye kiti ni mazoezi, kuvaa shati ndo usiseme, mkono mbovu unatangulia kuingia, na wakati wa kuvua unatoka mwisho. Ukimvalisha wewe dakika mbili mmemaliza, akivaa mwenyewe anaweza kuchukua nusu saa na jasho juu, na nyie mna haraka, basi amkeni mapema maana ile nusu saa ndo dawa yenyewe. Simama karibu asianguke, mikono yako iweke nyuma.

Kwenye kuongea ni hivyo hivyo. Kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo kinapooza upande wa kulia wa mwili na mara nyingi kinaondoka na maneno, ila akili ipo. Mama alikuwa anasema hapana huku kichwa kinakubali, tukajifunza kufuata kichwa. Zima redio, uliza swali moja tu la ndiyo au hapana, halafu nyamaza, usimmalizie sentensi hata kama unajua anachotaka. Kuna wagonjwa hawawezi kutaja jina la mtoto wao lakini wimbo wa zamani wanauimba na maneno yake yote, jaribuni, mtashangaa. Kinachoniudhi mimi ni wageni wanaomjadili mgonjwa mbele yake kama vile hayupo, "eti huyu anasikia kweli?" Anasikia bwana, muulize mwenyewe.

Kulia nako kunatisha watu. Saa zingine analia au anacheka bila sababu, hiyo ni athari ya kiharusi chenyewe, badilisha mada itapita. Ila akikataa kula, akikataa mazoezi, hataki kuona mtu wiki nzima, huo unaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, unampata karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu na una matibabu, msimwite mvivu.

Dawa za presha asiache hata kama anajisikia mzima, kiharusi hupenda kurudi. Na aspirini ya kushauriwa na jirani hapana kabisa, kuna kiharusi cha damu kuganda na kuna cha mshipa kupasuka, dawa inayomfaa wa kwanza inaweza kumuua wa pili.

Mtaambiwa miezi 3 ya kwanza ndo ya kupona, baada ya hapo basi. Ni kweli mwanzoni anakwenda haraka, baadaye anakwenda taratibu sana, lakini mama vidole vilianza kushika kikombe wakati watu walishakata tamaa. Kwahiyo pangeni zamu mtakazoweza kuzibeba muda mrefu, maana anayebeba peke yake naye ataumwa. Na yule ndugu wa mbali anayepiga simu kutoa ushauri tu, mpeni simu aongee na mgonjwa mwenyewe, asubiri mpaka amalize.