Maswali ya Wasomaji: Je, umeme wa jua hutokana na joto au mwanga?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa sayansi. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kwamba paneli za sola hugeuza joto la jua kuwa umeme. Hivi karibuni mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini basi paneli hizo hufanya kazi hata siku ya baridi, nami nikakosa la kumjibu. Vituo vikubwa vya umeme wa jua huzalishaje umeme, na je, umeme huo ni safi kweli?

JIBU: Mwalimu, mpongeze mwanafunzi huyo, kwa sababu ameona jambo ambalo watu wazima wengi hawalioni. Paneli ya sola hutumia mwanga, wala si joto. Joto, kwa hakika, huidhoofisha: uwezo wake hupimwa ikiwa na nyuzijoto 25 za Selsiasi, na kwa kila nyuzi inayozidi hapo, paneli nyingi za silikoni hupoteza kati ya asilimia 0.3 na 0.4 ya uwezo huo. Ikifika nyuzi 65 juani, jambo ambalo ni la kawaida, upungufu huwa kati ya asilimia 12 na 16. Ndiyo maana siku ya baridi yenye anga jeupe huipendeza paneli kuliko mchana wa hari.

Kila seli ya paneli ni kipande chembamba cha silikoni chenye tabaka mbili. Moja hutiwa fosforasi kidogo ili iwe na elektroni (chembe ndogo mno zinazobeba umeme) za ziada, na nyingine hutiwa boroni ili ipungukiwe nazo, na pale zinapokutana huzuka nguvu ya umeme inayosukuma elektroni upande mmoja tu. Mwanga unapoipiga silikoni, hung'oa elektroni mahali pake, ile nguvu ikazisukuma, nazo zikapita kwenye waya: huo ndio umeme. Mfaransa Edmond Becquerel aliona kwa mara ya kwanza mwaka 1839 kwamba mwanga unaweza kuzalisha umeme, lakini seli ya silikoni yenye manufaa ilipatikana mwaka 1954 katika maabara za Bell nchini Marekani, ikigeuza asilimia 6 hivi ya mwanga kuwa umeme. Paneli za leo huvuka asilimia 20.

Seli moja hutoa takriban nusu volti tu, kwa hiyo kituoni seli huunganishwa kwa maelfu hadi volti zifike 1,000 au 1,500. Umeme huo ni wa mkondo mnyoofu, yaani unaokwenda upande mmoja tu, nao hupitia kwenye kifaa kiitwacho inveta ili uwe mkondo geu, unaobadili mwelekeo mara kwa mara, ambao hutumika kwenye gridi, yaani mtandao wa nyaya za umeme, kisha transfoma huongeza volti zake ili usipotee sana njiani.

Hata hivyo, Mwalimu, hukukosea kabisa, kwa kuwa viko vituo vinavyotumia joto hasa, ingawa havina paneli. Katika kituo cha Noor III, karibu na mji wa Ouarzazate nchini Moroko, maelfu ya vioo hugeuka kulifuata jua na kuelekeza miale yake kwenye kilele cha mnara unaokaribia mita 250. Humo chumvi iliyoyeyuka hupashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 500, nayo huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha mtambo wa jenereta. Chumvi hiyo huhifadhiwa ikiwa moto kwenye matangi, hivyo umeme huendelea kutoka kwa saa kadhaa baada ya jua kuzama. Vituo vya paneli havina uwezo huo, na usiku hutegemea betri au vyanzo vingine vya umeme.

Kuhusu usafi, paneli ikiwa kazini haitoi moshi wala haichomi chochote. Uchafuzi uko kwenye utengenezaji wake, kwa sababu kusafisha silikoni kunahitaji tanuru zenye moto mkali. Hata hesabu hiyo ikijumuishwa, makadirio ya jopo la kimataifa la tabianchi (IPCC) ya mwaka 2014 yaliupa umeme wa vituo vikubwa vya paneli gramu 48 hivi za gesi joto kwa kila kilowati-saa, huku ule wa makaa ya mawe ukipewa 820.

Ukitaka kumwonyesha mwanafunzi wako, tafuta kikokotoo cha sola kisicho na betri, ukiweke chini ya taa ya LED katika chumba chenye baridi. Kitafanya kazi. Kisha ziba kipaneli chake kwa kidole.