Maswali Yenu Mwezi Huu: Nani Hasa Anaamua Intaneti Yetu?

SWALI: Dada, habari ya huko. Mimi niko na saiba hapa Kayole, Nairobi, watu wanakuja kufanyiwa maneno ya KRA, HELB, eCitizen, na kuchapisha. Faiba nalipa kila mwezi na bado nanunua bando za simu siku ile faiba imelala. Nikiuliza mbona bei iko hivi naambiwa ni serikali. Serikali gani sasa? Ni waziri? Ni CA, ile Mamlaka ya Mawasiliano? Niambie huyo mtu anaitwa nani nimwendee. *Mama Saiba, Kayole*

JIBU: Mama Saiba, pole kwa gharama, najua saiba ya mtaani inabeba kazi ya ofisi nzima ya serikali na hakuna anayekulipa kwa hiyo. Ila huyo mtu mmoja hayuko. Wako wengi, wako majengo tofauti, na wengi wao hujawahi kusikia majina yao kwa redio.

Anza na ushuru maana huo ndio unakuuma kila siku. Mwaka 2018 bunge liliweka ushuru wa asilimia 15 kwa data na simu, 2021 ukapanda 20, 2023 ukarudishwa 15, halafu Muswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa unataka kuurudisha 20 na nyote mnakumbuka maandamano ya Juni ile, muswada ukaondolewa. Juu ya huo kuna VAT ya asilimia 16. Piga hesabu na hiyo 15: ukinunua kredo ya mia, karibu shilingi 25 ni kodi. Sasa hapo CA haina mkono wala waziri wa ICT, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, hana kura ya peke yake, hiyo ni Hazina ya Kitaifa na wabunge, kwa hivyo ukienda kupigia CA kelele kuhusu kodi umeenda mlango usio wake na watakuambia hivyo.

CA, pale Waiyaki Way, kazi yake ni leseni, masafa ya mawimbi ya hewani, kupima ubora wa mtandao, na ile ada kampuni moja inalipa nyingine simu ikivuka mtandao. Wizara iko Teleposta Towers, hiyo inaandika sera, ile picha kubwa. Mamlaka ya ICT inasimamia mkongo wa serikali, ile faiba kuu inayofika kaunti. Kaunti nayo ndiyo inatoa ruhusa ya kuchimba barabara kupitisha waya, na inalipisha, na hiyo pesa mwisho wa siku inaingia kwa bei yako.

Lakini hapa nataka tukae kidogo. Tangu 2022 wizara ya ICT imepita kwa Owalo, ikaja kwa Ndung'u, ikaja kwa Kabogo, mawaziri watatu kabla hata ya miaka mitatu kuisha. Yule mchumi au wakili au injinia anayeandika rasimu ghorofa ya juu huko hajaenda popote, amekaa hapo hapo na faili yake. Huyo ndiye wa kumjua. Angalia mwaka 2010, CA ikiitwa CCK bado, waliposhusha ile ada ya kuvuka mtandao kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21. Kabla ya hapo kupigia mtu wa laini ingine ulikuwa unafikiria mara mbili, wengine tulikuwa na simu mbili kwa kipochi. Ada ikashuka, Agosti mwaka huo kampuni ya Zain ikaangusha bei mpaka bob tatu kwa dakika, na wengine wakalazimika kufuata. Baadaye ada yenyewe ikawa ni senti, shilingi 0.58 mwaka 2022 na 0.41 Machi 2024. Namba kama hizo hazitoki kwa mkutano wa siasa, kuna watu wamekaa wiki na wiki wanapima dakika moja ya simu inagharimu nini hasa.

Na usifikirie wanafanya hesabu peke yao. CA ilikuwa imetaka kushusha mpaka senti 12 Januari 2022, ikapingwa kwenye jopo la rufaa za mawasiliano, ndio tukaishia 0.58. Kampuni zina mawakili ambao kazi yao ya kila siku ni kusoma rasimu. Wewe na mimi hatuna.

Mimi mwenyewe nimeshawahi kukaa kwenye kikao cha kutoa maoni hapa mjini, ofisi sitaitaja. Viti vya mbele wamekaa watu wa kampuni, kila mmoja na karatasi ya jedwali, safu nne: kifungu namba fulani, kinasema nini, tunataka kiseme nini, kwa sababu gani. Nyuma kuna mama mmoja wa M-Pesa kutoka Dandora, akapewa maiki, akaongea kwa uchungu karibu dakika kumi, mtandao unapotea jioni, wateja wanafikiri amewaibia, na kila neno lake lilikuwa kweli tupu. Kulikuwa na ofisa kijana pembeni anaandika maoni kwa laptopu, na nilimwona kabisa akiacha kuandika. Roho iliniuma. Wakati wa chai nikamfuata nikamuuliza kwa nini, akaniambia, "Dada, nilimsikia vizuri sana, lakini sikuwa na kifungu cha kumweka. Angesema tu namba."

Tangu siku hiyo sijaacha kuwaambia watu: tafuta namba ya kifungu. Rasimu ikitoka huwekwa kwa tovuti ya CA au ya wizara na tangazo kwa gazeti, na siku za mwisho zimeandikwa. Sheria ya kanuni za serikali ya 2013 inawalazimisha wasikilize watakaoguswa, halafu kanuni yenyewe ipelekwe bungeni ndani ya siku saba za vikao, isipopelekwa inakufa. Kwa hivyo hawakufanyii hisani wakikusikiliza. Wewe chukua daftari lako la saiba, andika faiba ililala siku ngapi mwezi uliopita, ulinunua bando za ngapi, wateja wangapi waliondoka, kisha uweke karibu na kifungu kinachozungumzia ubora wa huduma. Ukurasa mmoja tu. Wale mawakili wa viti vya mbele hawana hiyo daftari, na hakuna mahali pengine ofisa yule anaweza kuipata.

SWALI: Dadangu, mimi nafunga waifai huku Mathare, tuko vijana watano, tunataka ikuwe ya jamii, isiwe biashara ya mtu. Watu wanatuogopesha eti leseni ni ya matajiri. *Fundi wa Waifai, Mathare*

JIBU: Ndugu yangu, zamani wangekuwa na haki kukuogopesha, maana mlikuwa mnawekwa kapu moja na kampuni kubwa. Tangu 2021 CA iko na utaratibu wa leseni ya mitandao ya jamii, wameutengeneza kwa watu kama nyinyi na ada yake haifanani kabisa na ile ya wakubwa. Jisajilini kama kikundi kwanza, muwe na katiba na maafisa wa kikundi, maana hiyo leseni ni ya jamii, mkianza kugawana faida ni hadithi ingine. Na kabla mjaze fomu tembeeni Kibera muone mtandao wa jamii wa TunapandaNET, wameanza mapema na makosa mengi wameshayafanya, mtajifunza bure. Mimi hii kitu naipenda sana, nasema wazi. Ni mfano wa ofisi iliyokubali kwamba sheria yake ilikuwa imeacha watu nje, ikakaa chini ikaandika upya.

SWALI: Anti, niko mwaka wa pili chuoni na nataka kazi ya sera za mawasiliano, sio kuuza laini. Ni lazima nisome uinjinia? *Msichana wa Roysambu*

JIBU: Hapana mwanangu. Wanahitaji sheria, uchumi, takwimu, na uinjinia, na kila mmoja anasumbuka kwa sababu hajui lugha ya mwenzake. Ukiwa mwanasheria jifunze masafa ni nini, ukiwa injinia jifunze kuandika aya inayosomeka. Kuna Shule ya Utawala wa Intaneti ya KICTANet, jukwaa la watu wa sera za ICT, ni mafunzo mafupi na huchukua vijana, na chuo cha mawasiliano cha AFRALTI kiko hapo Waiyaki Way kinafundisha maofisa wa nchi nyingi za Afrika. Tafuta pia habari za Bitange Ndemo: alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, akawa katibu mkuu wa wizara ya habari na mawasiliano kuanzia 2005 mpaka 2013, na wakati wake kebo ya TEAMS ikavutwa chini ya bahari kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, mpaka Mombasa, ikafika 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilikuwa inapitia satelaiti, ghali na polepole. Yeye hakuwa mwanasiasa wa kuomba kura.

SWALI: Binti yangu, mwezi wa tatu nilipeleka barua kwa ofisi fulani ya umma nikiuliza ni nani aliruhusu mnara wa simu ujengwe ukutani kwetu. Nikagongewa muhuri, nikaambiwa nitapigiwa. Mpaka leo kimya. Barua niliandika kwa Kiswahili, au ndio kosa? *Mzee wa Buruburu*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kiswahili si kosa hata kidogo, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na mtu asiyejua kuandika ofisa anatakiwa amwandikie. Kupeleka ombi hakulipiwi, unalipa nakala tu. Wana siku 21 za kujibu, na wakinyamaza sheria inahesabu kwamba wamekukatalia. Hilo ni zuri kwako, kwa sababu aliyekataliwa ana mahali pa kwenda: Tume ya Haki ya Utawala, wengi tunaiita Ombudsman. Ila muda wa kupeleka malalamiko huko ni siku 30, na kwa sababu siku zako huenda zimeshapita, waombe wakuongezee, sheria inawaruhusu. Au andika ombi jipya wiki hii, utaje sheria kwa jina kwa mstari wa kwanza, uliza kitu kimoja kimoja: nakala ya kibali cha ujenzi kutoka kaunti, nakala ya leseni ya mazingira ya NEMA, na tarehe majirani walipoulizwa maoni. Ile nakala yenye muhuri usiitupe mzee, piga picha na simu leo, na uitume pamoja.